Meza Ilipoacha Kulia

Nitin, mwenye kliniki, aliniomba niwaandikieni ninyi mnaobaki ukurasa mmoja wa kubandika ukutani karibu na birika. Alitaka uwe wa kutia moyo. Sina ukurasa mmoja, na kutia moyo sikujaliwa. Nina miaka ishirini na miwili ya kupaka watu mafuta, nami nitaieleza kama ilivyokuja, ili nikichosha, nichoshe kwa utaratibu. Vyeo na mishahara naviacha. Vyeo vilikuwa viwili, na mshahara ulikuwa ule ule.

Sikuajiriwa kukanda watu. Niliajiriwa kufua taulo. Nilikuja Birmingham kutoka Tanga kumfuata mume, mume akawa na safari nyingine zisizonihusu, nami nikatafuta kazi. Kliniki ilikuwa hapa hapa Erdington, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ngazi ni zile zile. Mgonjwa wa mgongo akifika juu, huwa amekwisha kujipima mwenyewe.

Siku ya kwanza nilizifua taulo zote kwa maji ya moto, nikazikausha kwa mashine, nikazikunja zingali na joto na kuzipanga kabatini. Nikasimama kando nikazitazama kwa fahari. Saa nane mchana kabati likaanza kutoa moshi. Taulo zilizonywa mafuta ya ufuta, zikikunjwa na joto lake, hujichoma zenyewe bila kiberiti wala ubaya wa mtu. Hakuna aliyeniambia, na ndiyo maana nawaambieni: zitandazeni zipoe kabisa, ndipo mkunje.

Aliyezima lile kabati alikuwa Bi Kanta. Alikuja na ndoo bila kukimbia, akaimwaga yote, akafunga mlango wa kabati kama mtu aliyemaliza kuweka vyombo, kisha akanitazama.

"Where are you from?" akaniuliza.

"Tanga."

Akaweka ndoo chini. Halafu akasema, kwa Kiswahili cha Unguja kilichonyooka, "Na huko Tanga hamfui nguo?"

Bi Kanta alikuwa Mgujarati aliyezaliwa Unguja. Ukoo wake ulihama yeye akiwa msichana, akaolewa India, na huko baba mkwe wake, aliyekuwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Kihindi ya mafuta na mizizi, akamfundisha kazi kwa sababu wanawe wa kiume walitaka kuwa wahasibu. Nilipomkuta alikuwa mjane, anakaa kwa mwanawe Sutton Coldfield, katika nyumba ambayo asubuhi watu wote huingia kwenye treni na kumwachia yeye jokofu. Aliniambia mara moja tu, wala hakurudia, kwamba kliniki ndiyo mahali pekee duniani ambapo mtu alikuwa akimngojea. Likumbukeni hilo, maana yote yanayofuata yametoka hapo.

Wakati ule mwenzake wa mezani alikuwa amehamia Leicester, na kazi yetu, kama mjuavyo, ni ya watu wawili. Mgonjwa hulala katikati, mkandaji mmoja kulia na mwingine kushoto, mikono minne inapanda na kushuka kwa pamoja. Mikono ikitofautiana uzito, mgonjwa huinuka amepinda. Nilimwona mmoja kwa macho yangu, akitoka hapa hadi kituo cha basi huku anavutwa upande wa kushoto. Kwa hiyo Bi Kanta alihitaji mtu ambaye angeweza kumwambia "panda, shuka, goti, zunguka" kwa Kiswahili bila kufikiri, na katika Erdington nzima aliyepatikana ni yule aliyechoma taulo. Wagonjwa waliamini tunasoma maneno matakatifu. Nitin alituomba tusiwasahihishe.

Mafunzo yalikuwa miezi saba. Mitatu nilikanda gunia la mchele. Miwili nilimwagia mafuta boga. Mnajua ile tiba ya kuchuruzisha mafuta ya uvuguvugu juu ya kipaji cha uso, uzi mmoja usiokatika kwa nusu saa. Basi Bi Kanta hakuniruhusu kugusa uso wa binadamu kabla boga halijaridhika. Alilichora nyusi kwa chaki. Mafuta yakigusa nyusi, naanza upya. Boga lile lilipata usingizi mzuri kuliko mimi mwaka ule. Miezi miwili ya mwisho nilimkanda yeye mwenyewe, naye alilala kifudifudi akinisahihisha kwa kukohoa.

Katika kupima mishipa alikuwa na vidole vitatu na jibu moja. Aliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa, akafumba macho, akasema, "Upepo." Katika tiba hii upepo ukizidi mwilini ndio ukavu, baridi, viungo kugoma na kukosa usingizi. Kila aliyepanda zile ngazi alikuwa na upepo. Nilimuuliza kama yawezekana mji mzima uwe na ugonjwa mmoja. Akaniambia nitoke nje Januari nikauulize upepo wenyewe.

Kuhusu vyombo nitasema juu ya viwili tu. Cha kwanza ni sufuria la shaba la kupikia mafuta. Mizizi huchemka ndani ya mafuta na maji tangu asubuhi, na swali ni moja: maji yamekwisha? Mnachovya utambi wa pamba, mnauwasha, mnazima feni ya kutolea moshi, mnafunga midomo, mnasikiliza. Utambi ukitatarika, bado kuna maji. Ukiungua kimya, zimeni jiko mara moja, maana dakika tatu mbele mafuta yameungua na siku nzima imepotea. King'ora cha moshi kitalia vyovyote vile. Hicho msikisikilize.

Cha pili ni meza. Aliitengeneza Desmond, seremala wa Castle Vale, kwa mbao nzito, ikiwa na mfereji pembeni wa kupitishia mafuta. Mpaka leo anaamini ni ya kusafishia samaki. Tangu siku ya kwanza miguu yake ilikuwa na sauti. Mkandaji akiegemeza uzito wake wote sawasawa, kutoka nyonga ya mgonjwa hadi kisigino, meza hulia upande wake. Ukitumia vidole tu, iko kimya. Desmond alitaka kuirekebisha bure, Bi Kanta akamkatalia. "Ikilia, mgonjwa kapata haki yake," alisema. "Iwache."

Nilifanya naye kazi hivyo miaka tisa. Meza ililia kulia, ikalia kushoto, na sisi katikati ya "panda" na "shuka" tukazungumza bei ya bamia. Sijapata furaha kama ile, na nasema hivyo nikiwa na wajukuu.

Mgonjwa wetu mgumu kuliko wote alikuwa Ron, wa Shard End, mstaafu wa kiwanda cha magari. Bega lake la kulia lilikuwa limegoma kiasi kwamba hakuweza kuinua birika. Alikuja kwa sababu mkewe alikuwa amekwisha lipia. Alivua vyote tulivyomwambia avue, isipokuwa soksi. Tulimkanda na soksi zake miaka minne, tukapaka mafuta hadi kwenye ukingo wa soksi, tukaruka, tukasema asante. Mwaka wa pili aliinua birika. Mwaka wa tatu akatuletea habari kwamba amebadilisha taa ya darini. Alitupa habari hiyo bila kututazama, na Bi Kanta akaenda jikoni akakaa huko muda mrefu kuliko haja ya kunawa mikono.

Mwaka wa tisa wa kazi yetu, upande wa Bi Kanta wa meza ukanyamaza.

Nilidhani ni siku moja mbaya. Wiki ikapita, upande wangu unalia, wake hauna sauti. Nikamtazama. Alikuwa anaegemea kama kawaida, uso umetulia, anahesabu, lakini mkono haukuwa na kitu ndani yake. Masikio yake yalikuwa yameanza kumkimbia, hakusikia kwamba mbao zimenyamaza. Mwenyewe aliamini anakanda kama jana. Ron aliposhuka mezani siku hiyo alitembea akielekea ukutani.

Nilikuwa na njia mbili. Kumwambia, na akiambiwa angerudi kwa lile jokofu. Au kulegeza mkono wangu ulingane na wake, mgonjwa atoke amenyooka. Nililegeza. Ilinichukua wiki mbili kujifunza, maana kuacha nguvu ni kazi kuliko kuitumia. Na kwa kuwa Ron alikwisha zoea mlio, na Bi Kanta aliuhisi kupitia mbao hata kama hakuusikia, nikawa naisukuma meza kwa nyonga kila tunapofika kisigino. Ililia, ingawa kwa sauti ya uongo. Nikawa nakwenda nyumbani na alama ya bluu kwenye nyonga, najiona mtu mwema.

Hivyo ndivyo tulivyoendesha tiba miezi minane. Wagonjwa wengi hawakusema kitu. Ron alisema, kwa adabu, "Siku hizi mnanipapasa vizuri." Wiki chache baadaye niliona anavaa koti kwa kuanza na mkono mbovu, kama zamani. Nililiona hilo nikakunja taulo.

Kisha nikafanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa kazi hii tu awezaye kulifanya. Mnajua desturi aliyotuachia: sufuria jipya la mafuta haligusi mgonjwa kabla halijajaribiwa kwa mkandaji. Siku hiyo, mara ya kwanza tangu nilegeze mkono, zamu ya kulala ilikuwa ya Bi Kanta. Akapanda mezani, akalala kifudifudi, nami nikaanza peke yangu. Sikuwa na mkono wa pili wa kulinganisha nao. Nikasahau. Nikaegemea kutoka nyonga hadi kisigino kwa uzito wangu wote, na meza ikalia.

Bi Kanta hakugeuka. Alisema akiwa uso chini, "Ala. Kumbe uzito unao."

Nikasimama.

"Siku za wagonjwa unauweka wapi?"

Aliinuka polepole, akajifunga shuka, mafuta yakimchuruzika miguuni, akaketi ukingoni mwa meza.

"Miezi mingapi?"

"Minane."

"Na Ron?"

"Na Ron."

Akatazama mikono yake, kwanza upande huu, kisha ule, kama anayetafuta palipovuja. "Umenifanya mtoto, Zuhura. Mbele ya kazi yangu mwenyewe. Na yule mzee wa soksi umemrejesha kulekule alikotoka, kwa ajili yangu mie."

"Niliogopa utaondoka, Bi Kanta."

"Basi ungeniachia niondoke mwenyewe." Kisha akasema lile ambalo nimekaa nalo tangu siku hiyo. "Mkono wa mtu ukiisha, unamwambia kwa mdomo. Usimdanganye kwa mkono."

Nililia pale pale, na nilikasirika pia, nisifiche. Nilijiona nimebeba mzigo miezi minane na sasa napigwa nao. Hakurudi wiki nzima. Nilipiga simu, mwanawe akasema mama amelala, saa nne asubuhi. Siku ya nane alipanda ngazi, akavaa aproni, akapita chumba cha meza bila kukitazama, akaenda jikoni kuwasha jiko. Kuanzia hapo alipika mafuta. Alipika miaka sita, hadi alipofariki, na hakuna utambi uliowahi kumdanganya, maana alipokuwa hasikii vizuri aliusogeza hadi karibu na nywele zake. Nywele ziliungua mara mbili. Bega la Ron lilichukua mwaka na nusu kurudi mahali pake. Tulisameheana bila kusema, ila ile miezi minane hakuirudia hata kwa mzaha, na kila kitu kingine alikifanyia mzaha.

Wenza walionifuata mezani nawataja kwa ujumla. Mmoja aliolewa, mmoja alifungua duka la mikate, wa tatu aligundua baada ya wiki sita kwamba ufuta humvimbisha macho. Kisha akaja Samira.

Samira mnamjua, na najua atayasoma haya, kwa hiyo nitasema kidogo. Amezaliwa mji huu, wazazi Wasomali waliokulia Kenya. Kiswahili anakisikia chote na anajibu kwa Kiingereza. Siku ya kwanza nilimwambia mambo matatu. Taulo zipoe. Unga wa dengu tunaosugulia mafuta mwilini usimwagwe kwenye bomba, kwa sababu ukikutana na mafuta huko chini unakuwa saruji, na fundi bomba tayari anatujua kwa majina. La tatu, siku mkono wangu ukiisha, aniambie.

"Okay, Auntie," akasema, kama niliyemwagiza maziwa.

Tulikwenda vizuri. Meza ililia kote kuwili. Halafu, miaka ikiwa imesogea, vidole gumba vyangu vikaanza kuuma asubuhi. Nikalaumu baridi. Nikashindwa kufungua chupa ya achari, nikalaumu kiwanda cha achari. Nilirudi kutoka likizo moja nikakuta meza iko kimya pande zote mbili, nikafurahi. Nilijua kilichotokea: Desmond hatimaye amepita akaikaza miguu nami sipo. Alipokuja kurekebisha mlango wa choo nilimshukuru kwa meza. Desmond ni mtu mzima, akipewa shukrani hazirudishi. Akasema si kitu. Siku iliyofuata nikampelekea mandazi.

Mimi ndiye niliyejua kuliko mtu yeyote duniani maana ya meza ile ikinyamaza. Nilimpa seremala mandazi.

Nilikuja kujua siku ya kupika mafuta, majira ya kuchipua yaliyopita. Niliwaacha Samira na Ron chumbani, Ron sasa ni mzee kabisa, bado na soksi, Samira amkande peke yake kwa kuwa sufuria halikuweza kuachwa. Nikachovya utambi, nikauwasha, nikazima feni, nikafunga mdomo. Utambi uliungua kimya. Na katika kimya kile, kutoka ng'ambo ya ukuta, meza ikalia.

Ikalia tena. Ndefu, kutoka nyonga hadi kisigino, sauti ya mwanzo kabisa, bila nyonga ya mtu kuisukuma.

Nilisimama na utambi mkononi hadi ukaniunguza kidole. Mafuta nayo yaliungua. Katika miaka yote ile, ndilo sufuria pekee nililounguza, na Nitin ana haki ya kujua sababu, nayo ndiyo hii.

Ron alipoondoka, amenyooka, nilimkuta Samira akipangusa mfereji wa meza.

"Miezi mingapi?" nikamuuliza.

Akajua papo hapo. Akaendelea kupangusa. "Since before Ramadan, Auntie."

"Nilikwambia uniambie."

"I was going to. I swear. Then you took Desmond the mandazi." Akaweka kitambaa chini. "You were so happy, Auntie. Ningekuambia vipi?"

Nilikasirika, kwa hasira ile ile ya Bi Kanta, naitambua kwa ladha. Nikaona aibu kwa ajili ya wagonjwa niliowapapasa tangu kabla ya Ramadhani. Nyuma ya aibu kulikuwa na kitu ambacho Bi Kanta lazima alikiona naye pale ukingoni mwa meza, na hakuniambia, labda kwa sababu alijua nitafika: kwamba mtu haachi nguvu zake mwenyewe miezi yote hiyo kwa ajili ya mtu asiyempenda. Nilimpenda Bi Kanta, ndiyo maana nilimkosea. Sikuwahi kumwambia hivyo, na hilo ndilo ninalojuta katika kazi hii. Mengine yote niliyafanyia usafi.

Sikukimbia wiki nzima kama Bi Kanta. Nilivua gauni, nikajifunga shuka, nikapanda mezani, nikalala kifudifudi.

"Nikande," nikasema.

Akaanza. Mkono mwepesi, wa adabu, wa kumbeba mzee.

"Hapana. Kama ulivyomkanda Ron."

Alingoja. Nilimsikia anavuta pumzi. Kisha akaegemea, na meza ikalia chini yangu. Nilikuwa nimesahau mlio ule ulivyo kwa aliyelala. Hapo hausikiki kwa masikio, unapita mfupani. Ndipo nilipojua kwamba Bi Kanta, na masikio yake yale, siku ile aliusikia wote.

"Panda," nikasema.

"Shuka," akasema Samira.

Nilimpa Nitin barua ya kuacha kazi asubuhi yake. Mwenza mpya wa Samira anaanza Jumatatu, na nasikia ana mikono mizito. Mwambieni lile la taulo na lile la bomba. La tatu atamwambia Samira mwenyewe. Na Desmond akija na nyundo kuitazama meza, mpeni mandazi arudi zake.